Kaburini, uani, shuleni au pale alipopenda kucheza: maua ya mtoto aliyetangulia yapandwe wapi?

Mzazi aliyefiwa na mtoto akisema anataka kupanda maua, watu humuuliza kwanza ni ua gani. Waridi? Alizeti? La rangi aliyoipenda? Mimi pia nilianzia hapo. Wiki ya tatu baada ya mazishi nilinunua mwaridi mweupe, nikauchimbia shimo nyuma ya nyumba tuliyokuwa tumepanga, na kwa miaka minne pale ndipo palikuwa kituo changu cha kwanza kila asubuhi. Mwaka wa tano mwenye nyumba akauza. Tulihama na magodoro, vyombo na masanduku, mwaridi ukabaki. Sijarudi kuutazama. Aliyenunua ana haki ya kumwaga zege popote anapotaka uani kwake.

Kwa hiyo siku hizi mzazi mwenzangu akiniuliza ua gani, namrudishia swali: wapi? Ua unaweza kulibadilisha msimu ujao. Mahali ukipakosea, unapoteza na miaka uliyoitumia kupazoea.

Nitalinganisha mahali ambapo wazazi wengi hufikiria, na kila mahali nitapauliza maswali matatu. Ardhi ni ya nani? Kiangazi kikifika, nani atamwagilia? Na siku mmea ukifa, itakuwaje? Hilo la mwisho wengi hulikwepa. Mmea hufa, hata ukitunzwa vizuri, na kwa mtu aliyefiwa kunyauka kwake kunaweza kuuma kama kuzika upya. Ni nafuu kulifikiria leo kuliko kulikuta asubuhi moja.

Kaburini au nyumbani

Huu ndio mvutano mkubwa katika familia nyingi, na mara nyingi baba anataka huku, mama anataka kule.

Sifa ya kaburi ni kwamba ni mahali pa wote. Bibi yake, marafiki zake, mwalimu aliyemfundisha kusoma, wanakwenda bila kukubishia hodi. Wapo wazazi wanaokuta kaburini ua ambalo hawakuliweka wao na hawamjui aliyeliweka. Faraja ya namna hiyo bustani ya nyumbani haiwezi kuitoa.

Lakini kaburi jipya si bustani. Udongo uliochimbwa na kurudishwa huendelea kushuka kwa miezi mingi, mara nyingi nusu mwaka hadi mwaka mzima. Ukiwahi kupanda kichaka cha kudumu, mizizi inabaki juu ya mapengo ya hewa, shina linainama, kisha mafundi wa jiwe la kaburi wanakuja na kukanyaga kilichobaki. Mwaka wa kwanza panda maua ya msimu mmoja tu, au fukia chungu nusu yake ili kiweze kuondolewa. Mwaridi usubiri.

Halafu kuna kanuni. Makaburi mengi yenye msimamizi yana masharti kuhusu urefu wa mimea, upana wa eneo lako, vioo, uzio, na siku za kufyeka. Omba masharti hayo kwa maandishi kabla hujanunua mche. Mfyekaji hamjui mtoto wako. Yeye anaona majani. Na kama dini yako ina mwongozo kuhusu kupanda juu ya kaburi, kiongozi wako aulizwe mapema, maana ugomvi wa ndugu juu ya kaburi la mtoto ni mzigo ambao hakuna aliyebaki na nguvu ya kuubeba.

Kama unakaa mbali na unafika mara chache kwa mwaka, acha kabisa mimea inayolia maji. Mshubiri huvumilia. Lavenda nayo huvumilia penye jua na udongo usiotuamisha maji. Sehemu za joto, mmea unaoonekana sana makaburini ni vinka, *Catharanthus roseus*, wenye asili ya Madagaska, kwa kuwa huchanua karibu mwaka mzima hata kwenye udongo duni. Kuna wazazi ambao ua hili linawahusu kuliko wanavyodhani. Vinkristini, dawa iliyoanza kutumika miaka ya 1960 na ambayo bado hutibu saratani ya damu kwa watoto, asili yake ni mmea huo. Mzazi mmoja atakwambia basi hilo ndilo ua la mwanangu. Mwingine hataki hata kulitazama. Usimbishie yeyote kati yao. Jua tu kwamba ukiliwa una sumu, majani hadi mizizi.

Nyumbani kuna jambo moja linaloshinda yote: ukaribu. Unamwagilia ukiwa umevaa kandambili, unang'oa magugu huku unasubiri maji yachemke. Huzuni inapata kazi ya mikono kila siku, na kwa wengi kazi hiyo ndogo husaidia kuliko maneno.

Ukaribu huo huo unaweza kugeuka. Wapo ambao hawataki kufungua dirisha kila asubuhi wakakutana na msiba. Kama huna hakika wewe ni wa kundi gani, usipande mbele ya dirisha la jikoni wala karibu na mlango. Panda pembeni, mahali pa kuendea, ili siku usipoweza kwenda, usilazimike kupaona. Na kama ana ndugu wadogo, wakaribishe kumwagilia lakini usiwape iwe zamu yao. Mtoto wa miaka 8 asije akaamini kwamba ua la kaka yake limekufa kwa sababu yeye alisahau ndoo.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya viwili hivi kwa mwaka wa kwanza, nachagua nyumbani, na kaburini naweka chungu. Baada ya udongo kutulia, mnaweza kugeuza.

Ardhi yako, nyumba ya kupanga, na chungu

Mwenye ardhi yake apande ardhini bila wasiwasi. Mpangaji asipande chochote ambacho hawezi kuondoka nacho. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nililipa.

Chungu kina kasoro zake. Hukauka upesi, na kwenye joto kali kinaweza kutaka maji kila siku. Kwa mwaridi kisipungue kipenyo cha sentimita 40, kiwe na mashimo chini, na kila baada ya miaka miwili au mitatu udongo ubadilishwe. Lakini chungu kinapanda gari. Unahama nacho, unakipeleka kivulini jua likizidi, unampa shangazi akutunzie ukisafiri. Kwa mimba iliyoharibika, au mtoto aliyezaliwa akiwa amekwisha kufariki, ambapo wakati mwingine hakuna hata kaburi la kwenda, chungu kinaweza kuwa ndicho mahali pekee alipo. Katika nchi za baridi wazazi hawa wengi huchagua miosotisi, kiua kidogo cha buluu ambacho jina lake katika lugha kadhaa za Ulaya maana yake ni usinisahau. Mmea wenyewe hauishi miaka mingi, ila hujimwagia mbegu na kuota tena wenyewe. Kwenye joto hautashika, usijitese nao.

Iwe ardhini au chunguni, fanya kitu kimoja ambacho mimi sikukifanya: uwe na pacha. Mwaridi huoteshwa kwa kipandikizi, na kipandikizi ni mmea uleule, si mtoto wake. Chagua tawi lililokwisha kuchanua, la unene wa penseli, ukate kipande cha sentimita 15 hadi 20 chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, kikae kivulini. Mizizi hutoka kwa wiki kadhaa. Kata vipande vinne au vitano kwa sababu vingine havitashika, na visiposhika isikutie simanzi, ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Kinachoshika kipeleke kwa mtu unayemwamini. Hapo lile swali la tatu linapungua makali.

Mwaridi ukifa kabisa, usipande mwingine kwenye shimo lilelile bila kubadilisha udongo. Miwaridi mipya mara nyingi hudumaa palipokuwa na mwingine. Ila kabla hujaung'oa, subiri. Huko Hildesheim, Ujerumani, kuna mwaridi mwitu uliopanda ukuta wa kanisa kuu, maarufu kwa umri wake mkubwa. Machi 1945 mabomu yaliliangusha kanisa na mwaridi ukaungua. Mizizi iliyokuwa chini ya vifusi ilichipua tena. Mwaridi unaoonekana umekufa kwa juu, ukatie chini, umwagilie, na uupe muda kabla ya kuukatia tamaa.

Neno kwa familia zilizochoma mwili. Majivu hayo yana chumvi nyingi na ukali wa magadi, na mmea uliopandwa moja kwa moja ndani yake huungua mizizi. Wengi hawaambiwi, wanafukia yote chini ya mche, mche unakufa, na wanadhani wamekosea jambo kubwa zaidi. Changanya kiasi kidogo na udongo mwingi pamoja na mboji, au tandaza kwa awamu, mbali na shina.

Shuleni, hospitalini, bustani ya umma

Shule inavutia kwa sababu wenzake wapo pale. Wanataka kufanya kitu, na watoto hupanda kwa moyo kuliko sisi. Tatizo ni kwamba shule ni njia ya kupita. Baada ya miaka michache wenzake wote wameondoka, mwalimu aliyesimamia kahamishwa, na likizo ndefu ya kiangazi hakuna wa kumwagilia. Penye ujenzi mpya, kitalu cha maua ndicho cha kwanza kuondoka.

Ukichagua shule, mambo mawili. Ruhusa iwe ya maandishi na itaje cheo, siyo jina la mwalimu, ili atakayerithi kiti arithi na jukumu. Na epuka mimea yenye sumu: olianda, vinka, tarumbeta la malaika, na dafodili, ua la nchi za baridi linaloota kutoka kwenye matunguu, yaani vichwa vya ardhini vinavyofanana na kitunguu. Watoto wadogo huweka kila kitu mdomoni. Nyumbani pia, wenye paka wajihadhari na maua ya jamii ya yungiyungi yanayoitwa *Lilium*. Hata chavua yake inaweza kuua figo za paka.

Hospitali ni jambo jingine. Kwa mtoto aliyeishi saa chache au wiki mbili, wodi ile ndiyo dunia yote aliyoijua, na wazazi huvutwa kurudi. Maua na udongo kwa kawaida haviruhusiwi kwenye wodi za wagonjwa mahututi na za watoto njiti kwa hofu ya vijidudu, kwa hiyo usifike na chungu mlangoni. Uliza kama kuna bustani ya nje ya kumbukumbu na nani anaitunza. Hapo unampa mtunza bustani mche wako na unaondoka. Kwa mtu ambaye hana nguvu ya kumwagilia chochote kwa sasa, hilo ni jema kuliko yote niliyotaja.

Bustani za umma ziko katikati. Zina wafanyakazi na mabomba ya maji, lakini mara nyingi zitakuchagulia mmea na mahali. Wapo wanaopenda hivyo, kuingia kwenye kitu kilichokwisha kuanza. Kuna mradi ulioanzia Atlanta, Marekani, unaolenga kupanda dafodili 1,500,000 kwa idadi ya watoto waliouawa katika mauaji ya Wayahudi ya vita vikuu vya pili. Watu huongeza matunguu yao katika bustani zilizotawanyika nchi mbalimbali. Ua lako linapotea kati ya mengine, na kuna mzazi ambaye hicho ndicho anachokitafuta. Mimi ningehangaika kulitafuta la kwangu.

Alipopenda kucheza, na alipoanguka

Ufukweni, msituni, kando ya mto alikojifunza kuogelea. Hapa moyo unavuta sana na mikono inapaswa kutulia. Kwenye hifadhi, kupanda bila kibali huwa ni kosa, na sababu yake ni ya haki: mmea mgeni unaweza kuinyima nafasi mimea ya asili ya pale. Lantana, yenye vishada vya rangi nyingi, ilisambazwa duniani kama pambo la bustani na leo ni kati ya magugu sumbufu kuliko yote. Pakiti za mbegu za maua mchanganyiko nazo zikwepe, hujui kilichomo.

Ukipata kibali, panda kinachoota pale pale. Kwenye fukwe za nchi za joto kuna mtambazi wenye maua ya zambarau na majani yenye umbo la kwato, *Ipomoea pes-caprae*, unaovumilia chumvi na kushika mchanga usichukuliwe na upepo. Hauhitaji ndoo ya mtu. Usipopata kibali, chukua wazo lake badala ya mahali pake: otesha nyumbani mmea uleule aliokuwa akiupita njiani akienda kucheza.

Kando ya barabara, palipotokea ajali, ushauri wangu ni mfupi: usipande. Utainama kupalilia huku magari yanapita nyuma yako, mimea ikirefuka inaziba macho ya madereva, na wafyekaji watapita. Kama lazima uende, nenda na shada, uliache, uondoke. Kilicho hai kipande kwingine.

Sasa ndiyo ua

Mahali pakishajulikana, maua yenyewe yanajichuja. Kuna yanayobaki, yanayorudi, na yanayopandwa upya.

Yanayobaki ni vichaka kama mwaridi, yasmini na rozimari. Yanafaa penye ardhi ya uhakika na mtu wa kupogoa. Yanayorudi ni ya matunguu: yanatoweka ardhini, unasahau yalipo, kisha yanatokeza. Tulipu na dafodili hutaka majuma 12 au zaidi ya baridi, hivyo kwenye joto yatachanua mara moja na kukata tamaa. Badala yake kuna zefiranthesi, linalofunguka siku chache baada ya mvua kunyesha, bila kuangalia kalenda. Nalipenda kwa sababu hiyo. Linakuja lenyewe, siku usiyoitarajia, kama mtoto anavyoingia chumbani.

Yanayopandwa upya ni alizeti, zinia, na jamii zao. Wengi huyadharau kwa kuwa hayadumu, nami naona ndiyo yanayomfaa mfiwa kuliko yote kwa miaka ya mwanzo. Kufa kwake si ajali, ni mpango. Unavuna mbegu, unaziweka kwenye bahasha, unaanza tena. Na yanakubali kuhesabiwa. Alizeti nyingi huchukua siku 70 hadi 100 tangu mbegu hadi kuchanua, zinia kama 60 hadi 70. Kama unataka ua siku ya kuzaliwa kwake, hesabu kurudi nyuma, kisha panda kwa mafungu mawili au matatu yanayopishana wiki moja, kwa sababu hali ya hewa haina adabu.

Iwapo kuhesabu kunakuchosha, kuna njia rahisi zaidi. Siku hiyo ikifika mwaka huu, tembea mtaani kwako utazame nini kinachanua. Baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni Dunblane, Uskoti, Machi 1996, kampeni iliyofuata ya kudhibiti bunduki ndogo ilijiita jina la snowdrop, ua dogo jeupe lililokuwa likichanua siku zile. Hakuna aliyelichagua kwa maana yake kitabuni. Lilikuwepo.

Kabla hujalipia mche wowote, nenda mahali ulipochagua saa sita mchana uone kivuli kinaangukia wapi. Kisha jaza ndoo ya lita 10 kwenye bomba la karibu na uibebe hadi pale. Ukifika unahema, badilisha mmea au badilisha mahali, kwa sababu safari hiyo utaifanya pia siku ambazo kuinuka kitandani tu ni kazi.